Mustang ya 1967 iliyozimika ndani ya feri ya Likoni

Gari lilifika karakanani kwangu Tudor, Mombasa, likivutwa kwa kamba nyuma ya pikapu, Jumatatu asubuhi, mwezi wa Mei, maji ya mvua ya usiku yakiwa bado yanadondoka kwenye mabati. Ford Mustang ya 1967: injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, gia otomatiki, usukani kushoto. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa bandarini, mkaazi wa Kizingo, ambaye sote tunamwita Ami. Alishuka kwenye pikapu na bahasha ya kaki mkononi, akaitua juu ya meza yangu kabla hatujamaliza kujuliana hali.

"Humu mna kifaa feki," akasema. "Na ndani ya gari mna cha pili, nacho ni feki vilevile. Mwanangu, nirudishie pointi zangu nipumzike."

Ndani ya bahasha mlikuwa na moduli nyeusi, ndogo kuliko kiberiti, yenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, pamoja na pete ya sumaku. Ndiyo seti inayogeuza ignisheni ya zamani, yaani mfumo wa kutoa cheche za kuwashia petroli, kuwa ya elektroniki bila kubadilisha distributa, kile kifaa kinachozigawa cheche kwa plagi: unatoa pointi na kondensa (kifaa kidogo kinachozikinga pointi zisiungue), unafunga moduli mahali pake, unavisha pete kwenye shafti, unarudisha kifuniko. Kwa nje huwezi kujua kama kuna kilichobadilika.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu hukumu ya "kifaa ni feki" naisikia kila mwezi. Feki zipo sokoni, sikatai. Lakini vifaa viwili vilivyonunuliwa kwenye maduka mawili tofauti, vikiugua ugonjwa mmoja ndani ya gari moja, wa kwanza kushukiwa awe gari.

Kwanza niseme kwa nini Ami alitaka kubadilisha. Ignisheni ya pointi ni kazi ya Charles Kettering wa Marekani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1910, na kwa zaidi ya nusu karne magari karibu yote ya petroli yaliishi nayo. Betri hupeleka umeme kwenye koili. Pointi ni viguso viwili: vikigusana, umeme unapita na sumaku inajaa ndani ya koili, nundu ya shafti ikivitenganisha, sumaku inaporomoka ghafla na koili inatema umeme wa maelfu ya volti, ambao rota huugawia plagi zamu kwa zamu. V8 inahitaji cheche nne kwa kila mzunguko wa injini. Kwa mizunguko 3000 kwa dakika, hizo ni cheche 12,000 kwa dakika, mara 200 kwa sekunde, na kila mara viguso vinafunguka na kufunga. Nafasi kati yao kwenye injini hii ni inchi 0.017, haifiki nusu milimita. Kipande kidogo kinachosugua nundu kikilika, nafasi inapungua na cheche inachelewa. Viguso vyenyewe vinaungua vikafanya shimo upande mmoja na kilima upande wa pili. Ongeza unyevu wa chumvi wa Mombasa, ambao huingia hadi ndani ya kifuniko cha distributa, na utaelewa kwa nini Ami alikuwa na tupa ndogo, fila geji (vibati vya kupimia nafasi) na kondensa tatu za akiba ndani ya dashibodi. Kila wiki chache alikuwa akiinama juu ya boneti kusugua pointi.

Seti ya elektroniki inaondoa msuguano wote huo. Pete ina sumaku nane, moja kwa kila silinda. Moduli ina sensa inayoihisi sumaku ikipita, kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, na transista ndani yake ndiyo inayokata umeme wa koili. Hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika. Viwanda vyenyewe vya Marekani viliacha pointi muda mfupi baada ya gari hili kutengenezwa: kufikia modeli za 1973 Chrysler ilikuwa na ignisheni ya elektroniki kwenye magari yake yote ya huko, na General Motors ikafuata 1975. Kwa hiyo wazo la Ami lilikuwa sahihi, na bado naamini ni badiliko bora kuliko yote unayoweza kulifanyia gari la zamani unalotaka kulitembeza, si kuliegesha.

Alivyosimulia mwenyewe

Nilimpa kiti na kikombe cha kahawa, nikamwomba anieleze kwa mpangilio. Fundi asiyesikiliza hupima kila kitu na haelewi chochote.

Wiki mbili za kwanza baada ya kufungiwa seti, gari lilikuwa tamu. Funguo moja, injini inawaka. Kisha pakaanza kitu ambacho Ami alikieleza hivi: "Nikiwa daraja la Nyali nateremka taratibu, mguu umegusa mafuta kidogo tu, gari linashtuka kama mtu aliyevutwa shati. Nikikanyaga, linaacha." Fundi aliyekuwa akimhudumia alisafisha kabureta. Halikuacha. Baadaye, usiku mmoja wa mvua, taa kubwa zikiwa zinawaka na waipa zinafanya kazi, injini ikaanza kumisi moja kwa moja, si kushtuka tena. Asubuhi yake ikawa nzima. Fundi akasema moduli ni feki, akafunga mpya. Ile ya kwanza ndiyo iliyoingia kwenye bahasha.

Ya pili ilidumu mwezi mmoja. Ami alikuwa anatoka Likoni kwenda kwake, jioni, foleni ya feri imefika mbali. Injini ilinguruma bila kutembea kwa muda mrefu, ikapata joto. Akapanda feri, akazima kama wengine. Feri ilipogusa upande wa kisiwani, akazungusha funguo. Injini ikawaka. Akaachia funguo irudi mahali pake, injini ikafa. Akazungusha tena: ikawaka, akaachia: ikafa. Mara sita, saba. Nyuma yake magari yanapiga honi, wapita njia wameshajaa pembeni na mizigo yao. Vijana ndio waliolisukuma lile gari zito hadi juu ya mteremko wa gati, Ami akiwa amekaa nyuma ya usukani. Aliniambia hajawahi kusukumwa akiwa ndani ya gari hilo tangu alirithi kwa kakaye.

Nilimwomba arudie maneno yale: inawaka funguo ikiwa imeshikwa, ikiachiwa inakufa?

"Ndivyo."

Basi theluthi mbili ya kazi alikuwa ameshanifanyia.

Waya wa waridi

Kwenye Ford za miaka hiyo, umeme wa koili una njia mbili. Unapopiga starta, rilei ya starta, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ina tamino ndogo (kiungo cha waya) inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye koili kwa waya wa kahawia, ili cheche iwe na nguvu wakati betri inaelemewa. Ukiachia funguo, njia hiyo inakatika, na koili inalishwa kutoka swichi ya funguo kupitia waya wa waridi. Waya huo unaonekana kama waya mwingine wowote, umefungwa pamoja na wenzake nyuma ya dashibodi. Lakini ni waya wa ukinzani. Umetengenezwa makusudi upunguze umeme, kwa sababu volti zote za betri zikipita kwenye pointi muda wote, pointi zinaungua upesi. Kwenye magari ya Chrysler kazi hiyo inafanywa na kipande cheupe cha kauri kilichofungwa mahali pa wazi, kila fundi anakiona. Kwenye Ford umefichwa ndani ya furushi la nyaya, na ndipo wengi wanapoteleza.

Niliweka mita. Betri: volti 12.4. Tamino chanya ya koili, funguo ikiwa imewashwa na injini imelala: volti 6.4. Nikatoa betri, nikapima ukinzani: waya wa waridi omu 1.4, koili omu 1.5. Hesabu inakubaliana na mita: jumla ya omu 2.9 kwa volti 12.4 inapitisha ampea 4.3, na koili inabakiwa na nusu tu ya volti. Kwa pointi hiyo ni sawasawa kabisa, kiwanda kilitaka hivyo. Moduli je? Karatasi ya maelekezo Ami alikuwa bado ameihifadhi, imekunjwa mara nne ndani ya kijitabu cha gari, na iliandikwa wazi kwamba waya mwekundu upate volti kamili za betri. Fundi wa kwanza aliufunga waya mwekundu kwenye tamino chanya ya koili kwa sababu ndipo mchoro unapoonyesha. Mchoro haukukosea, ulidhania waya wa ukinzani umeshaondolewa.

Kufahamu ni jambo moja, kumwonyesha mwenye gari ni jingine. Nilichukua ile moduli ya bahasha, "feki", nikaifunga kwenye jiliwa na taa ya breki ya wati 21 badala ya koili, nikaunganisha na mashine yangu ya mezani inayotoa umeme wa volti unazotaka. Nikaweka 12. Kila nilipopitisha pete ya sumaku mbele yake, taa iliwaka na kuzima, safi, bila kusita. Nikashusha hadi 7. Taa ikafifia lakini bado iliwaka na kuzima. Ami akanitazama kama aliyeshinda kesi: si umeona, inafanya kazi.

Nikachukua draya ya nywele, nikaipuliza moduli hewa ya moto dakika tano, mpaka ikawa kama chuma kilichokaa juani. Kwa volti 7, nikapitisha sumaku: taa ikawaka, ikabaki imewaka. Nikapitisha tena. Kimya. Nikapandisha volti hadi 12, moduli ikiwa na moto uleule, nikapitisha sumaku: ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima.

Ami aliweka kikombe chini. Akaomba aijaribu mwenyewe. Aliizungusha ile pete kwa vidole vyake mara nyingi, akipandisha na kushusha volti, hasemi neno. Kwa mtu aliyefanya kazi bandarini miaka yote ile na mashine za kila aina, sikuhitaji kuongeza maelezo. Moduli baridi inavumilia njaa. Moduli moto haivumilii. Usiku wa mvua, taa na waipa zinakula umeme, volti za gari zima zinashuka, na ile nusu inayofika kwenye koili inashuka nayo. Ndani ya feri, joto la injini iliyozimwa linapanda hadi kwenye distributa, halafu unaachia funguo na moduli inaangushwa kutoka volti za betri hadi nusu yake papo hapo.

Lakini lile la daraja la Nyali lilikuwa halijajibiwa. Njaa ya volti haielezi gari linaloshtuka ukigusa mafuta kidogo na kupona ukikanyaga. Ingekuwa njaa peke yake, ungekanyaga ndipo izidi.

Hapa inafaa kuijua distributa kwa ndani. Bati linaloshika moduli haliko tuli. Limeunganishwa na diaframu ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, na ukiendesha kwa mguu mwepesi, injini inavuta, bati linazunguka digrii chache ili cheche ije mapema zaidi. Ukikanyaga hadi mwisho vakyumu inapotea, bati linarudi. Moduli hii inapata athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kupitia bati hilo, na bati hupata athi kutoka kwenye mwili wa distributa kwa kipande kifupi cha waya laini uliosukwa, urefu wa kidole kidogo. Nilifungua kifuniko nikamulika tochi. Waya ule ulikuwa upo, lakini upande mmoja ulikuwa umegeuka kijani, na nilipougusa kwa ncha ya bisibisi nyuzi zake zilivunjika kama makapi ya mwani mkavu. Umeshikilia kwa nyuzi tatu au nne.

Nikaweka mita, mguu mmoja kwenye bati na mwingine kwenye hasi ya betri, nikamwambia kijana wangu awashe funguo. Volti 0.2. Inavumilika. Nikachomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, nikauweka mdomoni, nikavuta pumzi. Bati likazunguka. Mita ikaruka hadi volti 1.8, ikashuka 0.5, ikapanda tena. Nikaachia: 0.2. Ami alikuwa ameinama ubavuni mwangu, macho kwenye mita. "Hili ndilo daraja la Nyali," akasema.

Ndilo. Pointi nazo zilikuwa zinapita kwenye athi hiyohiyo, lakini pointi ni chuma kwa chuma; volti moja ikipotea cheche inakuwa dhaifu kidogo na dereva hajui. Moduli ina transista zinazohitaji athi thabiti ili zijue lini kufunga na lini kufungua. Ile hitilafu ilikuwapo siku nyingi. Elektroniki iliitoa hadharani tu.

Nilichofanya

Athi ilikuwa kazi ya nusu saa. Nilitoa distributa, nikaosha bati, nikasugua mpaka chuma kikang'aa, nikatia solda waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, na kuuacha na ulegevu wa kutosha ili bati linapozunguka usivutike. Ulegevu huo ndio siri: waya mgumu au uliokazwa utavunjika tena baada ya miezi. Nikaongeza waya wa athi kutoka kwenye mwili wa injini hadi hasi ya betri, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa na kutu chini ya boliti.

Kwa upande wa volti kulikuwa na njia mbili. Njia fupi ni kuufukua waya wa waridi nyuma ya dashibodi, kuukata na kuweka waya wa kawaida. Mafundi wengi hufanya hivyo na gari linapona. Sikuitaka. Gari la mwaka 1967 lenye nyaya zake za kiwandani ni kitu adimu pwani hii, na nikikata leo sitaweza kurudisha kesho. Nilitumia rilei. Tamino 30 ya rilei nikaileta kutoka upande wa betri wa rilei ya starta, kupitia fyuzi ya ampea 20. Tamino 87 ikaenda kwenye chanya ya koili pamoja na waya mwekundu wa moduli. Tamino 85 athi. Na kwenye 86 nikahamishia ile ncha iliyokuwa kwenye koili, yenye waya wa waridi na wa kahawia pamoja. Rilei inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo ukinzani wa waya wa waridi hauisumbui. Na wa kahawia lazima ubaki hapo: ukiuacha unaning'inia, rilei italala wakati wa kupiga starta na injini itazunguka bila kuwaka. Hakuna waya wa kiwandani uliokatwa. Anayetaka kurudisha pointi atahamisha ncha moja tu.

Mwenye Mustang iliyotoka kiwandani na mita ya mizunguko asiige njia hii bila kufikiri. Mita hizo zilifungwa ndani ya njia hiyohiyo ya umeme wa koili, na zikikosa mkondo wake zinakaa sifuri. La Ami halina.

Funguo ikiwashwa, koili sasa ilisoma volti 12.2.

Kosa langu

Hapa ndipo nilipoiua moduli ya pili, na nalieleza kwa sababu wengine wataiua ya kwao hivihivi.

Niliiacha funguo imewashwa ili nione kama fyuzi na rilei zinapata joto. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikanawa mikono nikaenda msikitini. Niliporudi, kiasi cha dakika 20 baadaye, koili haikugusika, na palikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Moduli ilikuwa imekufa.

Injini ikisimama, moduli inaweza kubaki katika hali ya kupitisha umeme, kutegemea sumaku zimesimama wapi. Zamani, waya wa waridi ukiwa njiani, mkondo ulikuwa ampea 4.3. Nilipouondoa njiani, volti 12.2 kwa omu 1.5 zikawa karibu ampea 8. Joto ndani ya koili hufuata mkondo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo halikuongezeka mara mbili, liliongezeka zaidi ya mara tatu. Waya uliokuwa ukiinyima moduli chakula ndio huohuo uliokuwa ukiilinda isichomeke. Nilikuwa najua nusu ya kwanza ya jambo hilo na nikasahau ya pili.

Nilimpigia Ami nikamwambia ukweli, na kwamba moduli mpya itatoka mfukoni mwangu. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Na mimi ninapokaa Mama Ngina jioni, nikasikiliza redio?"

Swali hilo liliniondolea usingizi, maana sikuwa nimefikiria kumuuliza. Kila Ijumaa na Jumapili Ami huegesha ufukweni Mama Ngina Drive, anatazama meli zinazoingia Kilindini, redio ikiimba, funguo imezungushwa kulia kama mtu anayetaka kuendesha. Saa nzima. Kwa umeme wa zamani gari lilivumilia. Kwa rilei yangu lingechemsha koili jioni ya kwanza. Kwenye gari hili funguo ikizungushwa kushoto, redio inapata umeme na ignisheni inalala. Ami hakuwa anaitumia nafasi hiyo kwa sababu swichi ilikuwa imekaza kwa kutu. Nikaisafisha na kuilainisha mpaka ikazunguka kwa vidole viwili, nikakaa naye ndani ya gari tukafanya mazoezi: kushoto redio, kulia safari. Nikaweka na taa ndogo nyekundu chini ya dashibodi, inayowaka kila rilei inapokuwa imefungwa.

Moduli mpya ingechukua siku kadhaa kufika. Ami hakutaka kusubiri. Akaelekeza kidole kwenye jiliwa, pale ilipokuwa bado imebanwa ile ya bahasha. "Si uliniambia ni nzima?"

Nikaifunga hiyo.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida. Taimingi, yaani wakati wa cheche kutokea, ilikuwa imewekwa kwa sikio. Nikaondoa na kuziba mpira wa vakyumu, nikatumia taa ya taimingi, nikaiweka nyuzi 6 kabla ya pistoni kufika juu. Nafasi ya plagi nikaipandisha kutoka inchi 0.035 hadi 0.040, kwa kuwa cheche sasa ina nguvu ya kuruka. Nyaya za plagi zilikuwa za shaba tupu, ambazo hutoa mawimbi yanayoweza kuivuruga moduli na kuijaza redio makelele. Nikaweka zenye ukinzani.

Nguvu hiyo ilileta jambo moja. Usiku wa kwanza nilifungua boneti gizani, injini ikinguruma, hewa imejaa unyevu wa kusi. Kati ya waya wa silinda ya 7 na wa 8 palikuwa na uzi wa buluu unatambaa. Mpangilio wa cheche wa injini hii ni 1-5-4-2-6-3-7-8: 7 na 8 hufuatana kwa kuwaka, na pia zimekaa jirani, nyuma upande wa usukani. Nyaya zao zikilala pamoja, cheche ya 7 inaweza kuiamsha 8 kabla ya wakati wake, na hilo linaweza kuvunja pistoni. Niliupitisha waya wa 8 upande wa pili wa wenzake, nikautenganisha na wa 7 kwa vishikio vya plastiki, vidole vitatu kati yao. Uzi wa buluu ukapotea.

Tuliijaribu siku mbili. Kutoka Tudor hadi Makupa, Changamwe, tukapanda hadi Mazeras nikisikiliza kama injini inagonga kwenye mlima, haikugonga. Kurudi, tukapita Nyali mara nne, Ami akiendesha, mguu mwepesi makusudi. Jioni tukaenda Likoni na kurudi kwa feri. Alizima ndani ya feri. Alipozungusha funguo upande wa kisiwani, injini ikawaka, akaachia, ikaendelea. Sikusema kitu, naye hakusema, mpaka tulipopita gati na kufika juu.

Sasa ni miezi saba. Moduli iliyoitwa feki ndiyo inayoliendesha gari, na ile mpya niliyomnunulia imo ndani ya dashibodi haijafunguliwa. Pointi, kondensa, tupa na fila geji tumevitia katika bahasha ya kaki na kuvihifadhi pamoja nayo. Kazi moja imebaki: shafti ya distributa ina mchezo wa pembeni unaohisika kwa vidole, na ingawa sensa inauvumilia kuliko pointi, siku moja pete itagusa moduli. Bushi, zile pete zinazoishika shafti, tumeziagiza. Zikifika, Ami ameshasema atakuja kushika tochi.